Kisu cha kuonyesha na kisu cha kuficha: ulinganisho kwa mkusanyaji wa Unguja na Pemba

Kila mkusanyaji wa visu ninayemjua ana kisu kimoja au viwili visivyotolewa mgeni akija. Vingine vinakata vizuri tu, lakini mwenyewe akiulizwa "hiki umekipata wapi, na ni cha nini?" anakosa jibu la kutoa bila kuona haya. Aliambiwa ni fedha, kumbe ni madini meupe ya bei rahisi. Aliambiwa ni cha enzi za Masultani, kumbe kimetoka kwenye katoni mwaka juzi. Kimeandikwa Solingen, mji wa visu wa Ujerumani, na Ujerumani hakijawahi kuiona.

Ulinganisho huu ni kwa wenzangu wa Unguja na Pemba wanaoanza kukusanya, na kwa yeyote anayetaka kumnunulia mzee wake au bwana harusi kisu cha maana. Nimeviweka viwili viwili: kile ambacho watu hukijutia, na kile ambacho ningekushauri ukichukue badala yake. Kipimo changu ni kimoja. Ile sifa inayokufanya utoe pesa, je, unaweza kuihakikisha mwenyewe kwa macho na vidole kabla hujalipa? Kama sifa yote imo kwenye hadithi ya muuzaji au kwenye maandishi ya bapa, kiache. Na sisi watu wa visiwani tuna mtihani wa ziada, hewa ya bahari. Kisu kinachoweza kukaa kabatini Dodoma miaka bila kubadilika, Makunduchi au Mkoani kinaweza kutoa madoa ya kutu kabla masika hayajaisha.

Jambia la dukani au hanjari ya fundi wa fedha

Naanza hapa kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapopotea, na ndipo majuto yanapouma zaidi, maana jambia kwetu ni urithi. Sayyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Unguja kutoka Maskati katika miaka ya 1830, hanjari, yaani jambia la Kiomani, ilikuja viunoni mwa watu wake, na mpaka leo bwana harusi wa Kizanzibari akivaa joho na kilemba, jambia haliko mbali. Oman wameiweka kwenye bendera yao ya taifa, juu ya panga mbili zilizopishana, na mwaka 2022 ufundi wake uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Sasa simama mbele ya duka lolote la vitu vya kale Mji Mkongwe, Gizenga au Hurumzi. Mengi ya majambia utakayoyaona yametengenezwa kwa ajili ya ukuta. Hakuna ubaya wa mtu kuwa na pambo la ukutani, na yapo mazuri. Ubaya ni kulilipia bei ya urithi.

Liombe, litoe kwenye ala, uanze na bapa. Hanjari iliyofuliwa ina mwinuko unaopita katikati ya bapa kutoka mpinini mpaka nchani, pande zote mbili, na ukipitisha kidole unahisi unene ukipungua taratibu kuelekea kwenye makali. La duka la zawadi mara nyingi ni kipande cha chuma bapa kilichokatwa kwa umbo la mwezi: unene ni ule ule kila mahali, na mwinuko ni mstari uliochorwa tu. Litikise kidogo. Likicheza mpinini, lilipachikwa kwa gundi. Likigonga ndani ya ala, ala ile haikutengenezewa bapa lile.

Kwenye mpini, pitisha ukucha pembeni. Plastiki huacha mshono wa kalibu, mstari mwembamba ulionyooka ambao fundi wa mkono hana sababu ya kuwa nao. Mbao na pembe ya ng'ombe zina nyuzi zinazokwenda upande mmoja, na rangi haiwi moja kote.

Kuhusu fedha, watu wengi huja na sumaku wakidhani imewamalizia kazi. Sumaku hukamata chuma kilichopakwa mng'ao wa fedha, basi. Shaba haiikamati, na ule mchanganyiko mweupe wa shaba, zinki na nikeli, usio na fedha hata chembe, kwa kawaida nao haiukamati. Tazama badala yake kwenye mikunjo ya nakshi. Fedha ya kweli huweka weusi mle ndani, na pale inapoguswa na mikono hung'aa kwa upole. Mchanganyiko ule hugeuka manjano, na penye chumvi hutoa kijani.

Chapa ya 925, yaani fedha sehemu 925 katika 1000, nayo huwapoteza wengi. Mafundi wa Oman waliyeyusha riale za Maria Theresa, sarafu iliyotembea sana hata hapa Unguja, ile inayoonyesha mwaka 1780 hata ikiwa ilipigwa miaka mingi baadaye. Fedha yake ni sehemu 833 katika 1000. Kwa hiyo jambia linalodaiwa kuwa la karne ya 19, halafu lina chapa safi ya 925, lina maswali ya kujibu. Linaweza kuwa fedha kweli, lakini ni jipya, na bei yake iwe ya kitu kipya.

Utasikia pia, "Hii Saidi hii, sheikh, hupati nyingine." Mtindo wa Saidi unahusishwa na ukoo wa Al Said, watawala wa Oman. Mpini wake hufunikwa fedha yenye nakshi, na ala mara nyingi huwa na pete saba badala ya nne. Hesabu pete, lakini jua kwamba anayeiga naye anajua kuhesabu. Kinachoigwa kwa shida ni uzi wa fedha. Kwenye ala nzuri uzi mwembamba umetariziwa juu ya ngozi, na ukiikaribia kwa kamera ya simu unaona pale unapozama na pale unapoibuka, safu moja imebana, nyingine imelegea kidogo, kama mkono wa mtu ulivyo. Ya kuiga ni bati lililogongwa kwenye kalibu, na kila "mshono" umefanana na mwenzake bila kosa hata moja.

Usikimbie jambia lenye bapa la zamani na ala mpya. Majambia yamekuwa yakibadilishwa mipini na ala kizazi baada ya kizazi. Muuzaji anayekwambia wazi kuwa ala ni ya juzi na bapa ni la zamani, huyo rudi kwake tena.

Kuna moja tu ambalo hata likiwa la kweli kabisa nakusihi uliache: lenye mpini wa pembe ya faru au ya ndovu, au lililopambwa kwa gamba la ng'amba. Biashara ya kimataifa ya pembe ya faru imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 1977, ya pembe za ndovu ikafuata kwa uamuzi wa 1989, na Tanzania ni mwanachama wa mkataba huo. Likiwa la kweli, huwezi kusafiri nalo, huwezi kuliuza mchana kweupe, na mnyama aliyeuawa unamjua. Likiwa la uongo, umelipa bei ya faru ukapewa nyati au plastiki. Mpini wa msandali au wa fedha hauna taabu hizo.

Uamuzi wangu: kwa harusi, chukua jipya linalouzwa waziwazi kuwa jipya, mpini wa mbao, ala safi, na usione haya kusema ni jipya. Kwa urithi, acha kununua madogo madogo matano ndani ya mwaka. Weka pesa ya yote hayo pamoja, tafuta mzee anayeyajua, nendeni wote wawili mkanunue moja.

"Damaski" ya bei rahisi au chuma cha kawaida kisicho na makeke

Hiki kimewaingiza vijana wengi kwenye majuto kwa sababu kinapendeza mno kwenye picha. Mawimbi meusi na meupe kwenye bapa, mpini wa mfupa wa ngamia uliotiwa rangi, vipande vya shaba katikati, ala ya ngozi, na bei inayoonekana kama bahati. Vingi vya bei hiyo hutoka Pakistan, hasa Wazirabad, mji wenye mafundi wa visu wengi, na baadhi yao ni hodari kweli kweli. Wale hodari hawauzi kwa bei hiyo.

Mawimbi hupatikana hivi. Fundi hupanga vipande vya vyuma vya aina mbili, kimoja chenye nikeli, huviunga kwa moto na nyundo, huvikunja au kuvisokota, na kazi ikiisha hulichovya bapa kwenye tindikali. Chuma kisicho na nikeli huliwa kikawa cheusi, chenye nikeli hubaki cheupe. Fundi anayejiheshimu atakutajia vyuma vyake, mara nyingi 1095 na 15N20, maana ndivyo vinavyokwambia kisu kitakata namna gani. Cha bei rahisi hakitajwi chuma chake. Na wanaosema ni "damaski ile ile ya kale" hawasemi kweli: feleji ya panga za zamani za Waarabu na Waajemi iliyeyushwa kwenye vyungu, India na Asia ya Kati, mawimbi yakatoka ndani ya chuma chenyewe, na ufundi ule ulififia mpaka ukakatika kufikia mwisho wa karne ya 19.

Visiwani kisu hiki kinashindwa mahali watu hawapatarajii. Muungo ukiwa mbovu, kati ya tabaka na tabaka hubaki nafasi nyembamba kama unywele. Hewa ya chumvi huingia mle, kutu inaanzia ndani, na ukipangusa juu hupangusi kitu. Shaba iliyo mpinini inatoa kijani, kijani kinapanda kwenye mfupa. Mtu anafungua ala baada ya miezi michache anakuta kisu cha maonyesho kimekuwa na ukurutu.

Dukani, geuza kisu utazame mgongo wake. Mawimbi ya kweli hupita mgongoni na kutokea upande wa pili. Yaliyochorwa kwa leza hukatika ukingoni. Nyumbani unaweza kupima zaidi, ikiwa chuma ni cha kushika kutu: sugua sehemu ndogo karibu na mpini kwa msasa laini mpaka mawimbi yafifie, kisha tia tone la ndimu usubiri. Vyuma viwili vikiwemo kweli, mawimbi yatarudi, hafifu lakini yatarudi. Mchoro haurudi.

Kiweke kando yake kisu cha Mora cha Uswidi, kile cha mpini wa plastiki na bapa la stenlesi. Hakina nakshi. Bapa limetiwa moto sawasawa, linanoleka, linakaa mwezi kwenye mashua bila kuliwa na kutu, na bei yake mara nyingi haizidi ya ile "damaski". Sijamwona mtu mwenye ujuzi akimcheka mwenzake kwa kuwa na Mora. Ukitaka mawimbi kwa roho yako, na mimi nayapenda, basi subiri upate ya fundi anayetaja jina lake na vyuma vyake, na ukubali kulipa.

Cha kikomando au panga

Hapa sitakaa sana. Kile kisu chenye meno ya msumeno mgongoni, dira kwenye kifuniko cha mpini, na ndani ya mpini vibiriti na mshipi wa kuvulia, kina kasoro moja inayotosha. Ili mpini uwe na uwazi, msuka, yaani ule mkia wa bapa unaoingia mpinini, hukatwa mfupi, umefungwa kwa nati au gundi pale shingoni tu. Ukikitumia kwa nguvu ndipo kinapovunjika, na bapa linaruka. Meno yale mgongoni hayakati ubao. Isitoshe, umekaa nacho sebuleni, jirani akiingia anajiuliza umejiandaa kwa vita gani.

Panga unalolinunua kwenye maduka ya vifaa Darajani au Mwanakwerekwe lina msuka uliojaa mpini mzima, unauona kwa macho, na ribiti zake zinahesabika. Tramontina wa Brazil wako kwenye kazi ya vyuma tangu 1911. Na kwa mkusanyaji, mapanga ya zamani ya Martindale yenye chapa ya mamba, yaliyotoka Birmingham, ni kitu cha kutafuta mashambani Pemba, kwa wachuma karafuu na walimaji. Lililonolewa mpaka likapungua upana lina historia unayoweza kuisoma kwenye bapa lenyewe.

Cha kukunja: nakala ya jina kubwa au asili ya bei ndogo

Wakusanyaji wenyewe kwa wenyewe hakuna kisu wanachokionea haya kuliko nakala, yaani kisu kilichoigizwa kikapewa nembo ya kampuni ya Marekani au Italia na kuuzwa kwa sehemu ndogo ya bei. Sababu si kiburi. Bapa limeandikwa D2 au jina jingine la chuma kizuri, na huna njia ya kujua ukiwa na macho matupu. Hilo huonekana maabara. Kufuli la bapa linaweza kushika leo na kuteleza kesho, na linapoteleza vidole viko chini yake. Ukitaka kuuza, mnunuzi akigundua hatakuamini hata kwa vile vya halali ulivyo navyo.

Kwa pesa hiyo hiyo, au karibu, kuna vitatu vya kweli. Opinel ya Ufaransa, iliyoanzishwa na Joseph Opinel mwaka 1890, yenye pete ya kufungia bapa tangu 1955. Victorinox ya Uswisi, kampuni ya mwaka 1884. Na Okapi, ambayo wengi hapa hawajui kwamba ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni ya Kijerumani Afrika, na sasa hutengenezwa Afrika Kusini.

Kwa mtu wa bara ningesema Opinel bila kusita. Kwetu kuna jambo la kujua kwanza: mpini wake ni wa mti, na mti huvuta unyevu ukavimba, bapa likabana lisifunguke. Wakati wa masika unaweza kuhangaika nalo kwa kucha. Dawa yake ni kuukausha mpini na kuutia mafuta mara kadhaa sehemu ile bapa linapolala, na kuchagua yenye bapa la stenlesi badala ya ile ya chuma cha kaboni. Okapi ina bapa la kaboni, linanoleka upesi, lakini hewa yetu hailionei huruma, na mlio wake wa kufungua una sifa ya vijiweni ambayo huenda usiitake mbele ya wakwe. Victorinox haina shida hizo mbili. Bapa lake ni laini kidogo, linahitaji kunolewa mara kwa mara, nalo linakubali jiwe lolote. Kwa anayeishi karibu na bahari na anataka kimoja tu cha mfukoni, ningemwambia achukue hicho. Kwa anayekusanya, Okapi, kwa sababu ndiyo yenye habari ya pwani yetu ndani yake.

Neno la kupita juu ya Solingen: ni jina linalolindwa kwa sheria Ujerumani tangu 1938, na kisu chenye jina hilo lazima kiwe kimetengenezwa eneo hilo. Ukikuta limeandikwa kwenye kisu chenye herufi zilizofifia, bei ya soko la mnadani, na hakuna jina la mtengenezaji, weka chini.

Jikoni: kikali cha Kijapani au chepesi cha sokoni

Wanaonunua visu vya Kijapani hapa Unguja hawadanganywi. Visu ni vizuri kweli. Majuto yao yanatokana na kazi ya jikoni kwetu. Kisu cha Kijapani cha aina ya kawaida huwa na ugumu wa 60 hadi 62 kwa kipimo cha Rockwell, wakati cha Kijerumani ni kama 56 hadi 58. Ugumu huo ndio unaokipa makali membamba yanayodumu. Ugumu huo huo ndio unaokifanya kimeguke badala ya kupinda. Mpe mpishi wa nyumbani, akipige kwenye kichwa cha changu au kwenye mfupa wa mbuzi, na utaona vipengo mfano wa mwezi mwandamo vimetoka kwenye makali. Hivyo havinoleki kwa dakika tano. Inabidi bapa zima lirudishwe nyuma kwenye jiwe.

Kwa kukata minofu ya nguru au jodari, kile cha Kijapani hakina mpinzani. Kinapita kama kinateleza, na nyama haichaniki. Kwa kupasua kichwa cha samaki, Wajapani wenyewe hawatumii hicho. Wana kingine, deba, kinene mgongoni. Ukinunua kimoja bila kujua kuna kingine, umenunua nusu ya kazi.

Kisu chembamba cha Kiwi kutoka Thailand kinadharauliwa kwa bei yake, nami nakitetea. Ni laini, kinapoteza makali upesi, na kinayapata upesi vile vile, hata kwa kitako cha sahani ya udongo isiyopakwa. Kwa vitunguu, bamia na mchicha hakuna cha kulalamikia. Nazi ipasue kwa mgongo wa panga kama ilivyo kawaida, na kisu chochote cha jikoni kikae mbali na kifuu.

Na kisu cha kuchinjia kwa Idi kubwa. Siku hizi kuna seti za zawadi, boksi la mahameli, mpini wa rangi ya dhahabu, na bapani pameandikwa aya. Aliyepewa anabaki na dhiki: hawezi kukitia damu kwa heshima ya maneno yale, hawezi kukiweka jikoni, na hawezi kukitoa. Tumefundishwa mchinjaji anoe kisu chake na amstareheshe mnyama wake. Bapa refu lililonyooka, bila meno, bila maandishi, lililonolewa usiku wake, ndilo linalofaa kwa zawadi ya mtu anayechinja.

Sime la ufukweni au sime la kazi

Nungwi na Paje utauziwa sime lenye ala nyekundu. La kazi hufuliwa kutokana na tupa kuukuu au springi ya gari, na pengine utayaona mabaki ya meno ya tupa karibu na mpini. La watalii ni chuma laini kisichotiwa moto. Likunje kidogo, likibaki limekunjika unajua. Bei ya kulianzia ni ya pambo.

Kukihifadhi

Hata uchague vyema, visu vingi vizuri hufia ndani ya ala zake. Ngozi hushika unyevu na chumvi, na dawa zilizotumika kuitengeneza hula chuma. Ala ni ya kusafiria. Nyumbani, lipanguse bapa, litie mafuta membamba, lifunge kwa kitambaa kikavu cha pamba, na ala ikae pembeni.

Mafuta ya nazi watu hutumia kwa kuwa yapo, lakini yanachacha na kuganda, na vumbi likishika juu yake ni kazi kuyatoa. Mafuta ya cherehani ni bora na yanapatikana kila mtaa. Kwa kisu kinachogusa chakula, tumia yale mafuta meupe ya madini yasiyo na harufu yanayouzwa famasi.

Wajapani hutunza panga zao kwa mafuta waitayo choji, mafuta ya madini yaliyotiwa kiasi kidogo sana cha mafuta ya karafuu. Karafuu hiyo hiyo inayoanikwa barazani kwetu, na ambayo mafuta yake yanatolewa Wawi, Pemba. Tone moja au mawili ndani ya chupa ndogo ya mafuta ya cherehani linatosha. Usipake mafuta matupu ya karafuu, ni makali, yanaharibu vanishi na plastiki ya mpini.

Kile ambacho tayari umekificha

Una njia mbili: kukiuza au kukibakisha. Kukiuza ni sawa ikiwa utasema kila unachokijua. Mwandikie mnunuzi kwenye karatasi: ala mpya, chuma hakijulikani, si fedha. Utapata pesa kidogo kuliko uliyotoa, na jina lako litabaki zima kwa watu unaokutana nao kila Ijumaa. Nakala zenye nembo za watu usiziuze kabisa, hata kwa kusema, kwa sababu wa tatu atakayenunua hataambiwa.

Mimi napendelea kukibakisha, hasa jambia la plastiki na "damaski" iliyochorwa. Kijana anayetaka kuanza akija, mpe hicho mkononi pamoja na cha kweli, zima taa ya juu, mwambie apitishe ukucha kwenye mpini na kidole kwenye bapa, akuambie kipi ni kipi kabla hajakiona vizuri.